Wachambuzi mnatuchosha: opena wa kushambulia hakuzaliwa 2022, na hapigi kwa kufumba macho

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika kwa hasira. Mods mkitaka kuuhamisha jukwaa jingine sawa, ila msiufute.

Kila Uingereza wakishuka kucheza Testi (kriketi ya siku tano) tunaimbiwa wimbo ule ule: nahodha Stokes na kocha McCullum walifika 2022 wakafundisha maopena (wapigaji wanaofungua zamu ya timu) kushambulia, na kabla yao watu walikuwa wanalala kiwanjani. Ni uongo mtupu. Victor Trumper wa Australia alipiga senchuri (mikimbio 100, yaani pointi) kabla ya chakula cha mchana siku ya kwanza pale Old Trafford mwaka 1902. Roy Fredericks wa West Indies aliwachapa warushaji wa kasi wa Australia, Lillee na Thomson, mikimbio 169 Perth mwaka 1975, kwa mipira 145, kwenye pichi yenye kasi kuliko zote za wakati huo. Gordon Greenidge alipiga 214 bila kutolewa Lord's mwaka 1984, West Indies wakafukuza lengo la 342 siku ya mwisho na kupoteza wiketi moja tu (mpigaji mmoja kutolewa). Michael Slater wa Australia aliupeleka mpira wa kwanza kabisa wa Ashes (mfululizo wa Testi wa Australia na Uingereza) ya 1994 mpakani. Hao wote walikuwa na kocha gani wa kuwahubiria?

Kinachoniudhi zaidi ni maelezo. "Anapiga kwa uhuru", "hana woga", basi, mchambuzi kamaliza kazi anasubiri posho. Hakuna anayemweleza mtazamaji kinachobadilika uwanjani. Ngoja tufanye kazi yao.

Opena wa zamani alikuwa na jukumu moja: kuua makali ya mpira mpya. Mpira ukiwa mpya ni mgumu, mshono umesimama, unapinda hewani na kukata ukigusa chini. Ukishachakaa, wenzake wa kati wanakuja kula. Timu inayorusha inajua hivyo, ndiyo maana nahodha anajaza slipu tatu (wadakaji wanaosimama nyuma ya mpigaji), anaweka mtu wa gali (mdakaji wa pembeni yao), na mbele ya mpigaji anaacha mapengo makubwa. Ni kamari: anakubali kutoa mikimbio ili apate mpira wa kuguswa na ukingo wa gongo.

Opena wa kushambulia anaicheza kamari hiyo kinyume. Ugumu ule ule wa mpira unaomtisha mwenzake ndio unaomfanya mpira uruke haraka kutoka kwenye gongo, na mapengo yapo. Akipata nne tatu (mipira mitatu iliyofika mpakani, mikimbio minne kila mmoja) ndani ya ova mbili (ova ni mipira sita), nahodha anaanza kukuna kichwa. Anamtoa slipu wa tatu anampeleka mpakani upande wa off (ule ambao kifua cha mpigaji kinaelekea). Hapo ndipo mchezo umegeuka, na kamera huwa inaonyesha mashabiki! Ova inayofuata mrushaji anarusha mpira mzuri, unagusa ukingo, unapita pale pale slipu wa tatu alipokuwa amesimama. Ubao unaandika nne. Mchambuzi anasema "bahati". Bahati gani, wakati ameinunua kwa zile nne tatu?

Kisha mrushaji mwenyewe anaharibika. Matthew Hayden, opena wa Australia, alikuwa akimfuata mrushaji wa kasi hatua kadhaa mbele ya mstari wake, kwa hiyo mpira uliokuwa na urefu mzuri (urefu ni pale mpira unapodunda) unamfikia ukiwa mrefu, yaani umedunda karibu naye, anausukuma moja kwa moja. Mrushaji akifupisha, Hayden anauvuta. Ndani ya ova sita huna tena urefu wa kurusha.

Halafu kuna hesabu ambayo hamuigusi kabisa. Testi ina ova 90 kwa siku, siku tano, jumla 450, kabla mvua na giza havijachukua chake. Mkipiga 450 kwa mwendo wa mikimbio 3 kwa ova, mmekula ova 150. Kwa mwendo wa 4.5 ni ova 100. Zile 50 zilizobaki ni zaidi ya nusu siku ya kuwatafuta wapinzani wiketi 20 (10 kwa kila zamu, zamu mbili), na bila wiketi 20 kwa kawaida huwezi kushinda Testi. Rawalpindi, Pakistan, Desemba 2022, pichi ilikuwa mfu, haina chochote kwa mrushaji. Maopena wa Uingereza, Crawley na Duckett, walifungua kwa 233, siku ya kwanza ikaisha 506 kwa wiketi 4 ndani ya ova 75. Uingereza walishinda kwa mikimbio 74 jioni ya siku ya tano, mwanga ukiwa unaondoka. Wangecheza taratibu ingekuwa sare ya kulala usingizi. Kwa hiyo simnyimi mtu haki yake. Nakataa tu kwamba Stokes na McCullum ndio waliogundua.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa silaha ya kudumu ni Virender Sehwag wa India, mtu aliyeanza Testi akipiga namba sita, akapewa kazi ya kufungua Lord's 2002. Alimaliza na mikimbio 8,586 kwa kasi ya 82 kwa kila mipira 100. Mnapenda kutaja 319 yake ya Chennai, Machi 2008, ambayo mechi yake iliisha sare. Itajeni ile 83 ya Desemba mwaka huo huo, uwanja ule ule. India wanatakiwa kufukuza 387, siku ya nne jioni. Kila mtu alijua timu ingejihami hadi kesho. Sehwag alipiga 83 kwa mipira 68, siku ikaisha 131 kwa wiketi 1. Zimebaki 256 kwa siku nzima, jambo la kawaida, Tendulkar akamalizia na senchuri. Jioni ile moja ilibadilisha swali kutoka "tutanusurika?" kuwa "tunashinda saa ngapi?"

Sasa wateuzi nao. Wanaona Sehwag na David Warner wa Australia, wanakimbilia kumchukua bingwa wa ova 50 na kumtupa mbele ya mpira mwekundu. Jason Roy wa Uingereza alitoka kubeba Kombe la Dunia 2019, wakamfungulishia Ashes wiki chache baadaye. Kabla mfululizo haujaisha wakamshusha hadi namba nne, kisha wakamwacha. Mpira mweupe unaacha kupinda mapema na slipu hawakai. Mwekundu wa Dukes (aina inayotumika Uingereza) unaendelea kupinda ova nyingi, na ukiufuata kwa mikono migumu mbali na mwili, unadakwa. Warner mnayemwita mtu wa T20 (kriketi fupi ya ova 20) alipiga 123 Hobart mwaka 2011 bila kutolewa huku timu nzima ikianguka kwa 233. Aliacha mipira ipite, alijilinda, akangoja wake. Hiyo sehemu hamuioni kwenye vipande vya dakika mbili.

Na ndiyo, mbinu ina bei. Sehwag huyo huyo alitolewa kwa mpira wa kwanza zamu zote mbili Edgbaston 2011.

NYONGEZA: Nimeona mnanitajia Shahid Afridi wa Pakistan na senchuri ya mipira 37 pale Nairobi 1996. Ilikuwa mechi ya siku moja na alipiga namba tatu, haihusiki hapa. Aliyeuliza kuhusu magongo manene: MCC (klabu inayotunza sheria za kriketi) waliweka kikomo Oktoba 2017, ukingo milimita 40 na unene milimita 67. Fredericks hakuwa na gongo la namna hiyo. Na mliosema mbinu hii ni ya Waingereza, nendeni Perth, Novemba 2025. Australia walimpandisha Travis Head kufungua wakifukuza 205, akapiga 123 kwa mipira 83, mechi ikaisha siku ya pili. Waliokuwa wanarusha ni hao hao Waingereza wenu, na walipoteza urefu kama nilivyoeleza hapo juu.