Stoo ya wiki mbili kwa watu sita, Lindi: chakula na maji vihifadhiweje?

mkwaju_mkavu

Habari zenu wadau. Kaya yetu ina watu sita, watu wazima wanne na watoto wawili, tupo Lindi mjini. Wote mnakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga na malori yakakwama. Nataka tuwe na akiba ya wiki mbili, ya kukaa bila duka na bila bomba.

Nyumba ni ya bati, stoo ina sakafu ya saruji na dirisha moja dogo. Naomba hesabu: kilo ngapi za nini, lita ngapi za maji, na vyombo gani. Pia, joto na unyevu wa huku pwani mnaushindaje? Mahindi yanatoboka kabla ya miezi mitatu, na unga unapata harufu. Pesa itatoka kidogo kidogo, si kwa mkupuo.

ghala_dogo

Karibu mkuu. Anza na hesabu ya mtu mmoja kwa siku: nafaka gramu 450, jamii ya kunde 60, mafuta 30, sukari 15, chumvi 5. Hiyo inakaribia kalori 2,100. Kwa watu sita siku 14 unapata nafaka kilo 38, kunde kilo 5, mafuta lita 3, sukari kilo moja na robo, chumvi nusu kilo. Watoto wanakula pungufu ya hapo, kwa hiyo una nafasi ya kupumua.

Kilo 38 zote usiziweke kwenye mahindi ya punje. Umeme ukikatika mashine ya kusaga nayo imelala, na punje hazipikiki jioni ileile. Gawa hivi: mchele kilo 12, sembe kilo 11, mahindi kilo 15. Mahindi ndiyo yanayokaa muda mrefu, sembe na mchele ndivyo vya kukimbilia siku za mwanzo. Nimesema sembe makusudi. Dona lina kiini, kiini kina mafuta, na kwenye joto la Lindi mafuta yale yanachacha ndani ya wiki chache. Ndiyo hiyo harufu unayoisikia. Dona sagisha la kula wiki hii, usilifanye akiba.

Sasa kutoboka. Fukusi na dumuzi (wengine wanamwita Scania) mara nyingi wanaingia stoo ndani ya nafaka yenyewe, kama mayai, umeshawanunua sokoni. Dawa rahisi ni kuwanyima hewa. Dumu la lita 20 lenye kifuniko cha kuzungusha linabeba kama kilo 15 za mahindi, yaani mgao wako wote. Jaza mpaka shingoni, ligongegonge chini punje zishuke, ongeza tena, funga kwa nguvu na usifungue. Wadudu wanavuta oksijeni iliyobaki mpaka inawaishia. Ukiacha dumu nusu tupu, hewa ni nyingi na watakuwa wameshakula vya kutosha kabla hawajafa. Ukilifungua kila Jumamosi kuchota vibaba viwili, umewarudishia pumzi.

Mifuko ya PICS nayo ni hivyo hivyo: nailoni mbili nzito ndani, kiroba nje. Mizuri kwa gunia zima. Kwa kaya yako naona dumu ni bora, kwa sababu panya hatoboi kirahisi, na dumuzi anaweza kutoboa nailoni.

Kunde weka choroko au mbaazi, huku kwetu mbaazi hazikosekani. Choroko inaiva haraka, inaokoa mkaa. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokauka kabisa inabeba zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo chupa tano zinatosha. Uzuri wa chupa ni kwamba unaona: ukikuta vumbi jeupe limekaa chini na punje zina matundu ya duara kama yamepigwa sindano, ile chupa inapikwa leo.

Kitu cha kwanza kabla ya yote hayo ni ukavu. Nafaka mbichi ukiifungia hewa unatengeneza kuvu. Jaribu hivi: chukua chupa kavu ya glasi, tia punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaangwa ikapoa, tikisa dakika moja, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado mimi ningeongeza siku moja ya jua, maana kwenye chombo kisichopitisha hewa unataka asilimia 13 hivi. Anika juu ya turubai, tabaka jembamba, geuza, na uingize ndani kabla jua halijazama, la sivyo upepo wa bahari unairudishia unyevu wote usiku. Halafu iache ipoe kivulini. Ukiifunga ya moto inatoa jasho ndani ya dumu.

Kuhusu kuvu sitanii. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi usiwape hata kuku.

fundi_simtanki

Ghala kamaliza chakula, mimi nabaki na maji.

Kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu sita siku 14 ni lita 336, yaani madumu 17. Kuoga, kufua na choo ni hesabu nyingine. Ukitaka kufika lita 15 kwa mtu kwa siku, jumla inakuwa lita 1,260, na hapo ndipo simtanki la lita 1,000 linapoingia. Pesa ikiwa kidogo anza na siku tatu: lita 72, madumu manne. Mwezi ujao manne mengine.

Dumu la mafuta ya kula linafaa. Lililowahi kubeba mafuta ya taa, rangi au dawa ya shamba halifai hata ulioshe mara mia, plastiki imeshanywa. Osha kwa sabuni na maji ya moto kiasi, suuza, kisha tia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha jiki, tikisa ipite kila kona na mdomoni, mwaga. Usisugue kwa mchanga. Mikwaruzo ndiyo nyumba ya utelezi.

Maji masafi ya bomba: kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20, subiri dakika 30. Ukiwa na jiki ya kawaida isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 3.5, ni mililita 2 kwa dumu. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikisie kwa kifuniko. Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, kisha zidisha dozi mara mbili. Na jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko wake unatoa gesi inayounguza mapafu.

Ukifunga vizuri na kuweka gizani, unakaa nayo miezi sita.

zahanati_ya_mtaa

Fundi, hapo kwenye miezi sita napinga kidogo. Hiyo ni hesabu ya nyumba yenye ubaridi. Chini ya bati, klorini inaisha mapema, na jiki yenyewe iliyokaa dukani mwaka mzima imeshapungua nguvu. Afadhali madumu yazunguke. Yapange mstari, yaandike namba kwa maka peni, kila siku tumia la mbele kwa kupikia, lijaze, litie dawa, lirudishe nyuma. Kwa madumu 17 hakuna maji yatakayozidi siku 17. Na siku bomba likikauka, unajua yote ni mapya.

Nyongeza mbili. Visima vya karibu na bahari vikiwa na chumvi, klorini haiiondoi, na kuchemsha kunaizidisha. Na kisima kilichofunikwa na mafuriko msinywe maji yake mpaka kisafishwe na kutiwa dawa, hata kama yanaonekana maangavu.

Weka pia pakiti za ORS, zile za kunywesha anayeharisha, kwenye stoo. Zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi kwa mtoto.

mkwaju_mkavu

Asanteni sana. Nimeambiwa niwashe mshumaa ndani ya dumu la mahindi kabla ya kufunga ili umalize oksijeni. Ni kweli? Na dagaa je, na makopa (mihogo mikavu)? Na vile vidonge vya kufukizia, niweke kimoja stoo?

ghala_dogo

Mshumaa unazimika wakati oksijeni bado ipo karibu asilimia 16. Hiyo inamtosha fukusi. Kinachofanya kazi ni kujaza mpaka juu na kifuniko kisichovuja, basi. Kupima kifuniko: funga dumu tupu, lizamishe kwenye beseni, likandamize. Mapovu yakitoka, tafuta kifuniko kingine.

Vidonge vya kufukizia HAPANA. Vinatoa gesi ya fosfini, inapita chini ya mlango mpaka chumba cha kulala, na imeshaua familia. Ni vya maghala, na watu waliofunzwa.

Dagaa wanunue wakavu, waanike tena siku moja, wafunge kwenye ndoo yenye kifuniko, kilo moja au mbili. Wakilainika wamevuta unyevu, wale haraka. Makopa yavunjike kwa mlio. Yakipinda hayajakauka. Dumuzi anayapenda sana, kwa hiyo nayo yaingie kwenye chombo cha kufunga, yakiwa yamevunjwa vipande vidogo ili hewa isibaki katikati.

Na hiyo sakafu ya saruji inatoa jasho. Weka chaga za mbao, kila kitu kiwe juu ya sakafu na mbali kidogo na ukuta.

fundi_simtanki

Zahanati, nakubali, mstari wa madumu ni bora.

Kwa simtanki: lita 1,000 ni tani moja. Msingi uwe wa zege, tambarare, na kitako chote kikae juu yake. Likining'inia ukingoni linapasuka kwenye kona, na kwa kawaida ni usiku. Kabla ya kulitumia lijaze, tia lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, acha usiku kucha, kisha fungulia bomba zote mpaka liishe.

Ukivuna maji ya bati: mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 40 kwa mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 320 baada ya upotevu. Ila lita 40 za mwanzo mwaga, ndizo zinazoshuka na vumbi na kinyesi cha ndege.

Mdomo wa tanki na bomba la kufurikia vyote vifungwe wavu wa mbu. Aedes anayeleta dengi anapenda maji masafi kama hayo, na mayai yake yanasubiri ukutani miezi kadhaa pakiwa pakavu. Ndiyo maana ukilimwaga tanki, sugua kuta kwa brashi kabla hujajaza.