Mrejesho: ule uvimbe mgumu wa pajani ni mfupa kweli

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu uvimbe mgumu pajani baada ya kupigwa goti mpirani, na kwa nini eksirei ya wiki ya kwanza haikuonyesha kitu. Kumbe nilipiga mapema mno: mfupa unaoota ndani ya msuli kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei kabla ya wiki mbili tatu hivi.

MRI, ile picha ya sumaku, ndiyo ilinitoa jasho. Msuli ulikuwa umevimba na kujaa maji, ripoti ikataja hadi saratani. Nusura nikatwe kinyama cha kupima! Daktari wa mifupa akakataa, maana hata kinyama kikikatwa mapema hupotosha.

Wiki ya sita nikapiga CT, ile eksirei ya tabaka kwa tabaka. Akanionyesha kwenye skrini: duara jeupe la mfupa kama ganda la yai, katikati peusi, na mstari mwembamba unaolitenga na mfupa wa paja. Kwenye saratani ya mfupa, alisema, mfupa mara nyingi hukomaa katikati, siyo pembeni kama kwangu.

Upasuaji hakuna kwa sasa. Goti linakunja, eksirei narudia baada ya miezi mitatu. Aliyeniambia nisikande, asante, nilikuwa nimeshaanza.