Riso au fotokopi? Nisaidieni kabla ya Ijumaa

Nyakwar_Kondele: Wadau, hamjambo. Nina kibanda cha saiba hapa Kondele, Kisumu, na fotokopi yangu imezeeka. Kuna mtu ana Riso kuukuu, anataka tumalizane Ijumaa. Si zote zinatoa nakala? Zinatofautiana wapi, na ipi italipa? Usingizi umenipotea.

FundiTona: Hazifanani hata kidogo. Fotokopi hushika picha ya ukurasa kwenye ngoma kwa umeme tuli, picha ikavuta tona, yaani wino wa unga, kisha moto ukaigandisha karatasini. Riso hutoboa masta kwanza, yaani karatasi nyembamba yenye umbo la ukurasa, moja kwa kila ukurasa, ikaizungushia ngoma yenye wino, halafu karatasi zinatoka mbiombio bila moto. Gharama iko kwenye masta. Ukurasa mmoja nakala mia tano, utacheka. Kitambulisho nakala mbili, utalia. Na wino wake hukauka polepole, ukishika mapema unachafuka. Kazi yenyewe ni ipi?

Nyakwar_Kondele: Za shule tu.

Mwalimu_Mstaafu: Mna raha nyinyi. Sisi huku Siaya tulipiga mitihani kwa taipu juu ya stensili, ukikosea herufi unapaka ile dawa nyekundu na kungoja ikauke. Kisha saiklostaili, mashine ya mkono ya kutoa nakala kwa stensili hiyo, unazungusha mpaka bega likatae. Mke wangu alijua mitihani imefika akiona mashati yamejaa wino.

FundiTona: Pole, mwalimu. Nyakwar, za shule ni nini? Kurasa ngapi, nakala ngapi?

Nyakwar_Kondele: Haya basi. Ni kitabu. Kurasa 180, nakala 40. Mwenye shule anavitaka muhula ukifunguliwa.

Dada_wa_Milimani: Kumbe! Si ungeanza na hilo, ndugu yangu? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haiulizi umetumia mashine gani. Waulize KOPIKEN, chama kinachotoa leseni za kunakili vitabu kwa niaba ya wenye haki, habari za leseni, au mwandikie mchapishaji.

Nyakwar_Kondele: Dada, madukani hakipo. Watoto wasome nini? Halafu nusu ya pesa ya Riso nishatoa.

FundiTona: Umelipa ndipo unauliza? Masta 180, kila moja nakala 40 kisha jalalani. Faida hapo ni nyembamba. Na mwenye kibanda huishi kwa vitambulisho na vyeti, ambavyo Riso haiviwezi kwa bei ya maana.

Omena_Kavu: Subirini kwanza. Hajui Riso ni nini, lakini amelipa nusu? Juzijuzi kulikuwa na mwingine wa Nakuru, naye kitabu, naye Ijumaa. Huyu ndiye muuzaji, anapima soko.

Nyakwar_Kondele: Mimi si tapeli. Njoo Kondele unione.

Omena_Kavu: Kondele upande upi?

Nyakwar_Kondele: Karibu na daraja la juu.

Omena_Kavu: Hahaha! Hapo hata mimi niko.

Dada_wa_Milimani: Muuzaji au mnunuzi, kitabu ni cha mtu.

Mwalimu_Mstaafu: Vijana, kama kweli anauza, ni pesa ngapi? Na ina ngoma ya wino mwekundu? Kanisani tuna kijarida.