Filme za Tron: tuanze na gani, ya 1982, Legacy ao Ares?

Mwana_Kadutu: Jambo bandugu. Posho batoto ba kaka yangu banakuja kulala kwetu, mukubwa ana miaka 13, mudogo 9, banataka Tron. Megas zangu zinatosha kwa filme moja tu. Nichukue gani?

Katindo_Goma: Ya 1982, ndugu. Batu banasema eti ni ya zamani lakini ile njo inakufundisha sheria za ile dunia: lazeri inamumeza Flynn (Jeff Bridges), anajikuta ndani ya kompyuta, kule programu ziko na sura za batu na zinaamini kama kuko batumiaji wenye kuziumba, na MCP, ule mukubwa wao, hataki hata zitaje iyo imani. Kisha zile pikipiki za mwanga! Zinakata kona kavu, hakuna kupinda pole pole, na nyuma zinaacha ukuta, ukiugusa umekwisha. Na mujue kazi yenyewe: Steven Lisberger, mwenye kutengeneza ile filme, alipiga bachezaji picha za rangi nyeupe na nyeusi, kisha banapitisha mwanga nyuma ya kila picha, moja moja, juu zile nguo ziwake. Sehemu yenye kompyuta ilichora yenyewe haifike hata nusu saa.

Yaya_Nyota: Mudogo wangu, ule wa miaka 9 atasinzia. Patia bo Legacy, ya 2010. Mutoto, Sam, anatafuta baba yake Flynn mwenye kupotea, iyo nani hataielewa? Kuko fasi moja napenda sana, Quorra, binti wa mule ndani ya kompyuta, hajaonaka jua hata siku moja, anauliza Sam liko namna gani, na Sam, mwenye amelizoea, anakosa karibu maneno. Na muziki ya Daft Punk, weka ku bafle kubwa! Kasoro ni sura ya Clu tu, ule Bridges kijana wa kompyuta, kinywa chake hakifuate maneno.

Katuba_Lushi: Mi minasema Ares (2025) bamalizie nayo. Mule programu njo zinatoka kuja kwetu, dakika 29 zikiisha zinavunjika vumbi. Pikipiki inapita mu barabara ya muji, ule mwanga mwekundu unapasua gari ya polisi vipande mbili. Lakini kama mutoto hajaona ule ukuta mu ya kwanza ataona gari imekatika tu, basi. Hadisi yake nayo ni nyepesi kuliko zile zingine. Niko na Katindo: 1982.

Yaya_Nyota: Basi akianza kuchoka murukishie moja kwa moja ku pikipiki, asikose ile.

Katindo_Goma: Apo tunasikilizana yaya.

Mwana_Kadutu: Aksanti sana. Nachukua ya 1982 usiku, saa ile koneksio inaenda muzuri. Yaya, Legacy ungali nayo ku kle ya USB? Napita kwako ijumaa kisha kazi, posho tunaangalia zote mbili.

Yaya_Nyota: Iko. Kuja na kle yako, yangu imejaa.