Simu imeniambia "JARIBU TENA" mbele ya Kidato cha Pili wangu! Huyu jamaa nani kamleta Mbeya?

Mwalimu_wa_Mbalizi
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi. Jina lake sitaji, mnamjua wote. Yule mwezeshaji anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, anayezunguka Makambako mpaka Tunduma na projekta yake akitangaza kwamba chaki imekufa na walimu wa lugha tufungashe virago.

Leo kaja kwetu. Kakusanya wanafunzi, wazazi, bodi ya shule, mkuu wa shule kamketisha mbele kabisa. Eti programu yake inasikiliza matamshi ya Kiingereza na kutoa alama, kwa hiyo tuanze na mwalimu ili watoto wapate hamasa. Mimi huyo nikasimama. Nikapewa sentensi ya paka aliyekaa kwenye mkeka. PAKA! MKEKA! Sentensi ambayo chekechea wanaisoma wakiwa wamelala!

Nimesoma. Kaduara kakazunguka wee. Halafu ukuta mzima, kwa herufi kama za bango la mkutano wa injili: 41%. JARIBU TENA. Na kikatuni cha kasuku kikaanza kukata viuno.

Wakati huo mvua inatwanga bati, mimi mwenyewe sijisikii, lakini simu yake imesikia kosa langu! Watoto walicheka mpaka dawati la nyuma likavunjika. Mkuu wa shule alijifanya anakohoa, akakohoa dakika nzima. Na yeye, bila haya, "Mnaona? Mashine haina upendeleo."

Nimefundisha Kiingereza kabla huku hakujasimama mnara wa simu hata mmoja. Wanafunzi wangu wengine leo wanahutubia mikutano Geneva. Nahukumiwa na kasuku! Natoka getini, katoto ka Kidato cha Kwanza ambako hata hakakuwepo kananiamkia: "Shikamoo mwalimu, jaribu tena."

Povu ruksa.

Karanga_za_Moto
Nimekaa mkao wa kula.

Kihesa_Mjini
Kamwene mwalimu. Acha makasiriko. Kwa madaraja ya NECTA 41 ni D, umefaulu hiyo. Wenzako wanapata F na hawafungui uzi.

Mwalimu_wa_Mbalizi
@Kihesa_Mjini wewe ungekuwepo ukaona kile kiuno cha kasuku usingeongea hivyo. Na kilirudia! Alisahau kuizima, kasuku akacheza mpaka tunafunga kikao kwa sala!

Fundi_Kabwe
Mwalimu, kitaalamu hujaonewa peke yako. Hizo programu zinafunzwa kwa sauti zilizorekodiwa, na zikifunzwa kwa sauti za watu wa aina moja, mwenye lafudhi nyingine anaonekana kakosea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo mitano ya kampuni kubwa za Marekani, matokeo yakatoka 2020: kwa wastani ilikosea maneno kama 35 katika 100 kwa wasemaji weusi, na 19 kwa weupe. Hao ni Wamarekani kwa Wamarekani, Kiingereza wamezaliwa nacho. Wewe wa Mbalizi chini ya bati ulitegemea nini? Cha kufanya, watu wa huku wachangie sauti zao. Mozilla wana mradi unaitwa Common Voice, Kiswahili kimo, mtu unajirekodi unasoma sentensi, bure kabisa.

Karanga_za_Moto
@Fundi_Kabwe achangie sauti ya 41? Si ataiharibu mashine jamani 😂

Mama_Tuli
Mimi niko na mwezeshaji. Binti yangu anaongea na simu kila jioni, sasa hivi anaongea Kiingereza bila kuomba ruhusa. Shuleni kwao mwalimu wa Kiingereza anafundisha sarufi yote kwa Kiswahili, sentensi moja ya Kiingereza ni "sit down". Hao ndio wanaogopa kasuku.

Mzee_wa_Mafinga
Mwanafunzi akikutwa na simu bwenini ni viboko na barua ya mzazi. Mwezeshaji akija na simu ni makofi na maua. Sielewi hii nchi.

Ticha_Rungwe
Kasuku wenu ana nafuu. Mimi nafundisha Kiswahili. Nimetoa insha, "Siku ya gulio kijijini kwetu". Kijana kaipeleka kwa akili mnemba, kaniletea kurasa nne safi, methali zimepangwa, hakuna kosa hata la mkato. Bibi yake kwenye insha anauza pweza na nazi, upepo wa bahari unavuma, ngalawa zinarudi. Kijiji kiko juu kule kwenye chai na migomba! Nikamuuliza, bahari ipi? Akajibu, "Mwalimu, hiyo ni tamathali."

Kihesa_Mjini
@Ticha_Rungwe mpe zote huyo, ana kipaji 😂😂

Mzee_wa_Mafinga
Na vile vishkwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu viko wapi? Kwa jirani yangu mwalimu kinaangaliziwa mpira.

Ticha_Rungwe
Mzee, bando ananunua nani? Semina yenyewe ya kutufundisha kukitumia tulilipwa soda na andazi. Nauli ya kurudi Tukuyu nilikopa.

Mama_Tuli
Mlipata andazi? Sisi tulisainishwa tu.

Mwalimu_wa_Mbalizi
Jamani turudi kwenye mada. Nasema hivi, mbele ya BODI YA SHULE, kasuku...

Viazi_Uyole
Kwa kuwa gulio limetajwa: madalali wanaojaza lumbesa hapa Uyole mpaka gunia linaota kichwa, wanakamatwa lini? Mkulima anauza gunia moja, mnunuzi anabeba karibu mawili.

Fundi_Kabwe
@Viazi_Uyole hapo sasa umeongea. Mwaka jana nilipeleka mzigo, kile kichwa cha juu peke yake kilijaza ndoo tatu.

Mama_Tuli
Viazi mna vya aina gani? Nataka vya chipsi, vyekundu visivyonywa mafuta.

Viazi_Uyole
Vipo mama, njoo inbox. Kwa kilo, sio lumbesa.