Kibali cha jengo jipya ndani ya yadi ya malori, upande wa Salgaa: nianzie wapi?

YadiRongai
Wadau, hamjambo. Nina yadi ya kulaza malori upande wa Rongai, Kaunti ya Nakuru, ekari mbili zinazopakana na barabara ya A8, upande wa magari yanayoteremka kutoka Sachangwan. Sasa hivi ni uwanja wa murram, kibanda cha bawabu na vyoo viwili vya shimo. Nataka kujenga chini pawe kantini, ofisi, vyoo na bafu, na juu vyumba 16 vya madereva. Hati bado inasema shamba. Msanifu ameshamaliza ramani na anataka tuwasilishe kaunti wiki ijayo. Je, niende tu? Na ni kweli kwamba kaunti wakinyamaza siku 60 kibali kinahesabiwa kimetoka?

Mpangaji_Mipango
Usiende bado. Shida yako haiko kwenye ramani, iko kwenye hati. Ardhi ya shamba haipewi kibali cha kantini na vyumba vya kulala, hata ramani iwe safi namna gani, na kulaza malori kwenyewe tayari ni matumizi mengine. Ukipeleka ramani leo, afisa atafungua faili, ataona matumizi hayalingani na hati, atairudisha. Ada ya ukaguzi utakuwa umeshalipa.

Anza na kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi biashara. Tafuta mpangaji wa miji aliyesajiliwa akuandikie ripoti ya mipango. Ambatisha nakala ya hati, sachi (hati ya msajili wa ardhi inayoonyesha mmiliki) ya hivi karibuni, ramani ya mipaka kutoka ofisi ya upimaji, risiti za reti (kodi ya ardhi ya kaunti), kitambulisho na PIN ya kodi. Tangazo linatoka gazetini na ubao unasimikwa kwenye ploti, mahali mpita njia anaposoma bila kuingia ndani. Hesabu siku 14 za pingamizi. Piga picha ubao ukiwa umesimama, tarehe ionekane. Faili nyingi hukwama hapo: mtu anadai hakuona tangazo na wewe huna ushahidi.

Kama ardhi si yako na umekodi kwa mkataba mrefu, kuna bodi ya ardhi pia. Ombi la idhini lifike kwao ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, la sivyo mkataba ni karatasi tu.

Juu ya siku 60: ndiyo, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hivyo. Lakini saa haianzi siku uliyoacha bahasha kaunta. Inaanza ombi likiwa kamili, limelipiwa na limepokelewa kwa maandishi. Na hata ukiwa na haki hiyo, unapokwenda kusajili mradi NCA (mamlaka ya kitaifa ya ujenzi) au kuomba mkopo benki, wanataka ramani zenye muhuri wa kaunti. Kimya hakina muhuri.

Dereva_wa_Malaba
Mbona msumbuane? Weka makontena mawili, kata madirisha, paka rangi. Kontena si jengo, halitaki kibali.

Mpangaji_Mipango
@Dereva_wa_Malaba hapo unampoteza mwenzio. Sheria haiangalii kama ukuta ni wa mawe au wa chuma, inaangalia kama matumizi ya ardhi yamebadilika. Kuendeleza ardhi bila kibali ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na bado unaweza kuamriwa uondoe ulichoweka.

Mhandisi_Lami
Niongeze la barabara, maana ndilo litakalokuchelewesha zaidi. A8 iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, si kaunti. Kabla ya msanifu kuweka jengo mahali popote, mpimaji ardhi atafute vigingi na akuonyeshe hifadhi ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara kandokando ya lami) inaishia wapi. Usipime kwa macho kutoka ukingo wa lami. Pia barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, na wewe uko kwenye kipande hicho. Andika barua KeNHA uulize kama ploti yako inaguswa, kisha upitie matangazo ya Tume ya Ardhi kwenye gazeti la serikali ukitafuta namba yako. Ukiguswa hata kwa mita chache, sogeza jengo nyuma sasa hivi kwenye karatasi, ambako kufuta ni bure.

Mlango nao unahitaji idhini yao. Upande wako malori yanashuka yakiwa na mzigo, breki zimeshapata moto. Watakuuliza lori linapunguza mwendo wapi kabla ya kukata kona, kwa hiyo mchoro uonyeshe njia ya kupunguzia mwendo na ya kuchukulia mwendo. Lango la mita 6 halitoshi: trela likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya kichwa, na nguzo ya lango ndiyo huumia. Panga mita 10 hadi 12. Chini ya mlango weka kalvati (bomba la kupitishia maji) ya milimita 600 iliyozungushiwa zege. Ya 300 huziba matope msimu mmoja wa mvua, maji yakarudi barabarani, na barua ya onyo ikaja kwa jina lako.

YadiRongai
Asanteni sana. Mhandisi, na ndani ya yadi je? Msanifu ameweka jengo katikati ili malori yazunguke pande zote.

Mhandisi_Lami
Liondoe katikati, ndugu. Dereva akitoka bafuni usiku anaingia moja kwa moja kwenye njia ya trela linalorudi nyuma. Liweke pembeni karibu na lango, mlango wake utazame upande ambao malori hayapiti. Pembe zinazotazama malori zikingwe kwa mabomba ya chuma ya milimita 150 yaliyojazwa zege, yatokeze mita moja juu ya ardhi, yawe mita 1.5 kutoka ukutani. Ukiyabandika ukutani hayasaidii, kwa sababu mkia wa trela huning'inia nje ya magurudumu na utagonga ukuta kabla ya tairi kufika. Kivuli chochote cha paa kinachopitiwa na lori kiwe juu ya mita 5. Trela linaloruhusiwa hufika mita 4.3, na turubai iliyofungwa vibaya huzidi.

Sakafu: usimwage lami mahali pa kulaza. Dizeli inayodondoka hulainisha lami mpaka inakuwa uji. Kabro (vitofali vya zege vya kutandika) ya milimita 60 ni ya watu kutembea. Weka 80 kwenda juu, na kwenye kona za kugeuzia weka zege la milimita 200 lenye nyavu za chuma, maana lori la tani 56 likigeuza, tairi za trela husukuma kabro mpaka mistari inapinda.

Udongo wa huko una majivu ya volkano. Mkavu unabeba, ukilowa unakaa chini ghafla. Chimba mashimo ya majaribio panapokuja msingi kabla mhandisi wa miundo hajaweka sahihi, na bomba la maji lisipite chini ya msingi.

Afya_na_Mazingira
NEMA, mamlaka ya mazingira, mmeigusa? Tafuta mtaalamu aliyesajiliwa nao aandae ripoti ya mradi mapema. Usitie tangi la dizeli kwenye ombi hili. Ukilitia, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wanaingia na kibali chao cha ujenzi, na jengo lako linangoja tangi.

Maji machafu ndiyo yatakayoulizwa zaidi. Ukikadiria madereva 40 kwa siku, lita 50 kila mmoja, ni lita 2,000, bila kantini. Septiki ishike siku mbili pamoja na nafasi ya tope. Chini ya lita 6,000 usikubali. Jiko la kantini liwe na kisanduku cha kunasa mafuta. Na maji ya kuoshea malori yasiingie kwenye septiki hata tone, oili huua bakteria na shimo linafura.

Maji hayo yapite kwenye chemba tatu za kutenganisha oili, bomba la kutokea likivuta kutoka chini. Ila usielekeze yadi nzima humo. Mvua ya milimita 30 kwenye ekari mbili ni takriban lita 243,000. Itabeba oili yote iliyonaswa na kuimwaga mtoni. Jenga bamba la kuoshea la mita 6 kwa 20, ukingo pande zote, paa juu. Maji ya paa yaende kwenye tangi lake.

YadiRongai
Na wakikataa?

Mpangaji_Mipango
Dai sababu kwa maandishi. Una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya mipango ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini sababu ikiwa ni karatasi iliyopungua, usikate rufaa. Lete karatasi hiyo, uwasilishe upya.