Tupeane uzoefu: Wenger bila kombe la Ulaya, wewe unampima kwa lipi?

Gunner wa Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Mjadala wa Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, vijiweni huishia pale pale. Mmoja anataja ligi ya 2003/04 bila kufungwa, mechi 38, ushindi 26, sare 12. Mwingine anajibu kwa neno moja tu, "Ulaya?", na kijiwe kizima kinamcheka wa kwanza. Kweli fainali tatu za Ulaya alizofika zilimshinda zote: 1992 na Monaco mbele ya Werder Bremen, 2000 kwa penalti mbele ya Galatasaray, 2006 mbele ya Barcelona.

Naomba tusitukanane timu kwa timu. Kila mtu aeleze alichokiona yeye, mechi au siku iliyomfanya aamue huyu mzee ana uzito gani.

Naanza. 17 Mei 2006, fainali ile na Barcelona kule Paris, nilikuwa kibanda umiza, mpira ulianza saa nne kasorobo usiku. Dakika ya 18 kipa wetu Lehmann akamwangusha Eto'o wa Barcelona. Mwenzake Giuly akautia mpira wavuni, lakini refa alishapuliza, ikawa kadi nyekundu badala ya bao. Namba ya Pires ikanyanyuliwa ili kipa wa akiba Almunia aingie. Pires, katika mechi yake ya mwisho Arsenal! Pamoja na hayo Campbell akafunga kwa kichwa dakika ya 37, na watu kumi wakalishikilia bao hilo mpaka dakika ya 76. Kinachoniuma ni nafasi ya Henry kipindi cha pili, amebaki na kipa wao Valdés, akapiga mpira dhaifu mikononi mwa kipa. Akaingia Larsson wa Barcelona, Eto'o akasawazisha, Belletti akamaliza.

Kocha alikosea wapi pale? Kabla ya fainali timu ilikuwa imecheza mechi kumi mfululizo za mashindano yale bila kuruhusu bao, huku nyuma akiwategemea kina Senderos kijana na Flamini, kiungo aliyegeuzwa beki wa kushoto. Real Madrid walifungwa kwao, Juventus wakatolewa.

Mwekundu wa Mombasa

Mimi ni wa Old Trafford, Manchester United, lakini haki niseme. Paris simlaumu. Kesi yangu mimi ni 6 Aprili 2004, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Tulijazana hoteli moja Majengo, nusu ya watu wamevaa jezi za Arsenal. Mechi ya kwanza na Chelsea ilikwisha 1-1, sasa wako Highbury, uwanja wa Arsenal wa enzi hizo, na Reyes wao amefunga kabla ya mapumziko. Wenzetu walikuwa washaanza kupanga fainali. Lampard wa Chelsea akasawazisha, na dakika ya 87 mwenzake Wayne Bridge akapita, akafunga. Watu walinyanyuka wakaacha chai mezani.

Angalieni waliobaki nusu fainali: Chelsea, Monaco, Porto, Deportivo. Real Madrid nje, Milan nje. Kikosi bora alichowahi kuwa nacho, na mlango uko wazi hivyo! Siku tatu kabla tulimtoa Kombe la FA, na Henry alianzia benchi, akimtunzia mechi ya Chelsea. Alitunza na bado ikamshinda. Kwa mechi za kuamuana nyumbani na ugenini, yakhe, alikuwa na kasoro. Na baadaye, kuanzia 2011 hadi 2017, alitolewa hatua ya 16 bora kila mwaka, miaka saba mfululizo. Hilo si la refa wala la kadi.

Kombe ni Kombe

Mwekundu amemaliza. Mtasema Arsenal ilikuwa inalipa deni la uwanja mpya, Emirates. Brian Clough alibeba Kombe la Ulaya 1979 na 1980 akiwa na Nottingham Forest, timu aliyoikuta daraja la pili. Pesa si sababu.

Kocha wa Mtaani, Morogoro

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15, kwa hiyo naangalia kitu kingine. Lauren alitoka Mallorca akiwa kiungo, akawa beki wa kulia wa timu isiyofungwa. Kolo Touré alikuwa anachezeshwa huku na huko, 2003 akapewa beki ya kati. Henry alikuja 1999 kama winga aliyeshindwa kung'aa Juventus.

Nilikuwa na dogo wa pembeni mwenye mbio, krosi zake zote zinaishia nyuma ya goli. Wazazi wake wakataka nimwache. Nikamweka katikati, nikamwambia aanzie kushoto kila anapokimbia, afungue mwili kabla mpira haujamfikia. Mechi za mwanzo hakufunga, na mashabiki wa mtaa walinisema sana. Nilivumilia kwa sababu Henry naye alikaa mechi kadhaa bila bao. Yule dogo akawa mfungaji wetu. Kwangu hiyo ndiyo alama ya Wenger, inafanya kazi mpaka kwenye uwanja wa vumbi.

Binti wa Bukoba

Marehemu baba alimpenda Wenger kabla hajaijua Arsenal, kwa ajili ya George Weah. Weah alitoka klabu ya Kameruni, Wenger akampokea Monaco 1988, na 1995 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Baba alikuwa akisema huyu Mzungu anawaona watu wetu. Halafu mwanzoni mwa 1999 akamchukua Kanu, aliyekuwa ameshafanyiwa upasuaji wa moyo. Oktoba ile Kanu akaifunga Chelsea matatu kwao, Arsenal wakiwa nyuma 2-0. Baba aliyasikia matokeo redioni, akatuamsha watoto wote.

Dereva wa London

Napita Emirates karibu kila wiki kikazi. Sanamu ya Wenger iliwekwa nje mwaka 2023, ameinua kombe la Ligi Kuu. Wazee waliokuwa na tiketi tangu Highbury hupiga picha hapo na wajukuu wao. Kombe ni Kombe, nikuulize: George Graham aliipa Arsenal Kombe la Washindi 1994, Copenhagen, uwanja ule ule ambao Wenger alifungwa na Galatasaray. Kwa kipimo chako, Graham ni mkubwa kuliko Wenger? Na Di Matteo aliyebeba kombe la Ulaya na Chelsea 2012, akafukuzwa Novemba ile ile?

Kombe ni Kombe

Graham simweki juu yake, hapo umenibana. Lakini Clough hujanijibu.

Gunner wa Tanga

Clough hana jibu rahisi, nakubali, yule yuko daraja lake. Mwekundu, nimekusoma mara mbili. Paris naiita bahati mbaya, lakini 2004 ni deni la Wenger mwenyewe, na nikimsifu nitalitaja. Pamoja na deni hilo namweka juu ya makocha kadhaa wenye kombe la Ulaya kabatini, kwa sababu hakuna kocha wa Morogoro anayefundisha kwa njia zao.

Kocha, yule dogo bado anacheza? Na wale mlioiona fainali ya Copenhagen 2000, hakuna aliyeigusa bado. Karibuni.